Robota la Kumi na Moja

Mama, Mwanamkasi binti Shekiondo,
alipima katani bandarini Tanga miaka kumi na tisa.
Robota ni kilo mia mbili na hamsini,
basi.
Masika moja marobota kumi na moja
yakazidi, kila moja kilo tisa.
Meneja akasema: kuna mawe ndani.
Fundi akasema: mizani imekufa.
Mama aliandika 259 kwa wino wa buluu,
akapiga mstari chini yake mara mbili,
na pembeni: *sijui bado.*

Daftari hilo ninalo hapa Makorora,
juu ya meza ya cherehani,
nimeliwekea kompyuta mgongoni
kwa sababu meza inapepesuka.

Nami napima.
Nyota za ukingoni mwa galaksi
zinakimbia sawasawa na za ndani.
Ingekuwa ile bembea ya kuzunguka
inayofungwa Tangamano siku za Idi,
watoto wangekwisha kurushwa hadi barabara ya kumi na mbili.
Nyota hazirushwi.
Kuna kitu kimezishika viunoni,
hakiwaki, hakina kivuli.
Tumekiita maada ya giza:
kofia tuliyoishona
kabla ya kukiona kichwa.

Halafu kuna lile jingine.
Rusha chungwa la Muheza juu.
Litapanda, litachoka, litarudi.
Ulimwengu haurudi. Haujachoka hata.
Kadiri unavyopanda ndivyo unavyokazana,
na kinachousukuma tumekiita nishati ya giza,
giza la pili, maana majina yalikwisha.

Nina vielelezo vitatu kwenye foleni.
Cha kwanza: msukumo ni namba moja, haijabadilika tangu mwanzo.
Cha pili: unapungua polepole, kama marashi kwenye kanzu.
Cha tatu kinasema hakuna giza lolote,
ni sheria ya uvutano inayolegea mbali na nyumbani.
Jiwe. Unyevu. Mizani.
(Unyevu nitaufikia.)

Nyota zilizolipuka zinashuhudia hivi,
nuru kongwe kuliko zote inashuhudia vile,
na mpangilio wa galaksi, ukiulizwa, unaegemea huku na huku
kama shahidi aliyekula harusi zote mbili.
Saa tisa usiku umeme ukakatika.
Luku ilikuwa na yuniti; ni mtaa mzima.
Hesabu ya siku nne ikaanza upya saa kumi na moja.

Hoza alinitumia ujumbe kutoka Lushoto:
*cha pili kimeshinda, sigma mbili na nusu, tangaza!*
Kizingiti chetu ni tano.
Mbili na nusu ni mtu anayebisha hodi
nyumba ya jirani.

Nikisubiri, nikajaribu kuyatia kwenye ubeti,
vipande vya nane kwa nane:

Nimepima mara mia, kwa kalamu na kwa taa,
Kila nyota natumia, hesabu inakataa,
Uzito umebakia, mwenye uzito hang'aa,
Sijui, nasubiria, mlango wazi umekaa.

Hesabu kipande cha mwisho kwa vidole.
Ni tisa.
Ningeweza kupindua, *wazi mlango wakaa,*
zikatimia nane, na hakuna ambaye angejua.
Sikupindua.
Kila siku namwambia Hoza: usiikwangue data
ikakaa vizuri kwenye kielelezo chako.

Sasa ule unyevu.
Ukurasa unaofuata, wiki tatu baadaye, jua limetoka,
mama ameyapima tena.
Katani hunywa hewa ya bahari, kumbe,
hunywa maji usiyoyaona ikanenepa.
Marobota kumi yamerudi 250.
Meneja alicheka, fundi akapewa soda.

La kumi na moja: 259.
Kavu. Limefunguliwa, halina jiwe.
Mizani imejaribiwa kwa mawe ya serikali.
Mstari mara mbili chini yake,
kisha jina la meli, tarehe,
na kilo zake tisa zikapakiwa nalo.

Kompyuta imelia. Kielelezo cha kwanza kimemaliza.
Naenda kuchemsha maji kwanza.