Kikapu cha Mwalimu Mideva

Mlangoni pa ukumbi wa kulia, Kisumu,
ziwa likiwa karibu kiasi cha kunusa magugu yake,
palisimama kibao chenye miguu mitatu:
CHAKULA CHA NJE HAKIRUHUSIWI.
Mama alikisoma kwa sauti, polepole,
kama asomavyo tangazo la mazishi,
kisha akaniuliza: "Nje ya wapi?"

Mimi nilikuwa nimeshalipa.
Siku mbili, kifungua kinywa ndani yake,
kumpongeza kwa kustaafu,
miaka thelathini na minne ya chaki kule Chavakali.
Nilimwambia kwa simu, mara tatu:
Mama, njoo na nguo tu.
Akaitikia mara tatu, ile "haya" yake
ya mtu asiyekusudia kutii.

Sasa kikapu kiko juu ya kitambaa cheupe,
kimefungwa leso, kinanukia moshi wa kuni.
Kuku mzima, yule jogoo mwekundu aliyezoea kunifukuza.
Ugali wa wimbi ndani ya jani la mgomba.
Mrenda kwenye chupa ya chai.
Ndiyo, chupa ya chai.
Meza ya pili wakageuka.
Nikazamisha uso katika orodha ya vyakula
nikitafuta bei ya kujificha.

Akaja mhudumu, kijana, kifuani Ochola,
mikono nyuma kama aliyechelewa gwaride.
"Samahani, mama. Kanuni haikubali.
Labda mlipe ada, elfu moja na mia tano,
ndipo mkile hapa."
"Nikile?" Mama alishangaa kwelikweli.
"Nani amesema nitakila mimi?
Kwangu, mgeni akija na sahani yake
nitamuuliza ameota sumu gani jikoni mwangu.
Nitakula chenu, mpaka nilambe vidole.
Hiki ndicho chenu. Mtu haendi kwa watu
mikono ikining'inia kama sweta kwenye kamba."

Ochola akanitazama. Mimi nikatazama chumvi.
Akamwendea msimamizi, msimamizi akapiga simu,
simu ikaita mahali ambapo hakuna aliyejua
zawadi huandikwa kwenye fomu gani.
Ilikuwapo fomu ya kilichopotea,
fomu ya kilichovunjika,
ya malalamiko, kurasa mbili.

Mwishowe alikiinua mwenyewe, kwa mikono miwili
(hapo Mama akanong'ona: huyu amelelewa)
akapita nacho mlango wa jikoni unaopepea.
Tukala chao: samaki aliyekatwa mraba,
asiyekumbuka kama aliwahi kuwa na macho.
Mama akamaliza, akauliza jina la mpishi.

Saa tisa nilienda garini kutafuta chaja,
nikapitia nyuma, kati ya kamba za mashuka,
nikawaona: wafuaji wawili, askari wa lango,
Ochola bila koti, msimamizi kavua viatu,
wameizunguka leso ya Mama.
Kando, makopo waliyotoka nayo nyumbani,
githeri, viazi, bado yamefunikwa,
maana cha hoteli ni cha wageni
na wao pia, kila asubuhi, huja na chakula cha nje.
Mrenda ulivutika kutoka chupani, mrefu, hauna haya.
Hakuna aliyeongea.
Nilirudi bila chaja.

Jumapili kikapu kikaletwa mpaka garini.
Kwetu chombo hakirudi kitupu,
lakini hilo sikuwa nimemwambia mtu.
Ndani: vipakiti tisa vya sukari,
sabuni mbili ndogo zenye jina la hoteli,
ndimu moja, na leso
iliyofuliwa, ikapigwa pasi, pembe kwa pembe.

Mama alikipakata hadi tukapita Kiboswa,
hasemi, anahesabu sukari kwa kidole.
Kisha: "Firigisi walimpa nani?"
Nikakumbuka yule wa lango, mvi masikioni,
akitafuna peke yake, taratibu, macho amefumba.
"Mkubwa wao," nikasema.
"Basi," akasema, akararua pakiti moja,
akaimimina yote ulimini.