Hati Mbili

Saa kumi na moja jioni, Ngara, ghorofa ya pili.
Bendi haijalipwa, mvua haijaamua,
na spika inavuma kama nyuki waliochokozwa.

"Fundi," asema Ogweno, gitaa likimning'inia tumboni,
"hiyo sauti imekaa juu kidogo ya so."
Anakaza nyuzi, moja moja, mpaka zikutane nayo.
"Basi leo tupige kwa ufunguo wa stima."
Wanacheka. Mimi sicheki.
Miksa ni yangu, na lawama pia.

Naanza nilivyofunzwa: chomoa.
Nachomoa gitaa. Upo.
Nachomoa pedali, hata ile ya kijani
iliyoshikwa kwa gamu na maombi. Upo.
Nazima friji; Gathuita mwenye ukumbi
anatoka jikoni mbio kama mtu aliyenyang'anywa mtoto:
"Bia zangu!"
Upo.
Nachomoa waya unaotoka kwa amplifaya kuja kwangu:
kimya,
kimya mpaka nasikia mtu akimenya viazi huko nyuma.
Naurudisha.
Umerudi, kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Gathuita ananiletea kisu.
"Kata huo mguu wa juu wa plagi, ule mrefu.
Vijana wa Ijumaa iliyopita walikata, pakatulia."

Najua hutulia.
Munyoki naye alikata.
Kayole, harusi, hema la turubai, nyasi zimelowa,
mkono wa kushoto kwenye nyuzi za besi,
akainama kusalimia watu, mdomo ukagusa maiki.
Hakulia. Besi ndiyo iliyolia,
noti moja, ndefu,
na wacheza ngoma wakaendelea kucheza
wakidhani ni mtindo mpya.

"Rudisha kisu kwa viazi," namwambia.

Ule waya wa kijani na manjano
mafundi wa hapa huuita athi,
kama mto unaopita huko chini
ukibeba takataka zetu bila kuuliza ni za nani.
Kitabu cha chuo kiliuita waya wa ardhi.
Na mji huu, nani hajui kesi za ardhi?

Nafuata nyaya kwa magoti, tochi mdomoni.
Amplifaya ya Ogweno imekunywa stima ya kaunta.
Miksa yangu imekunywa ya ofisini, ukuta wa pili,
ambako fundi mwingine, mwaka mwingine,
alizika chuma chake mwenyewe nyuma ya jengo.
Ardhi mbili.
Katikati yao waya wangu mwembamba,
na kila upande unapitisha madai yake humo
usiku na mchana, mmmmmmm,
kama ndugu wawili wenye hati mbili
za ploti moja.

Siwapatanishi. Nahamisha mmoja.
Kebo ndefu, soketi moja, wote wanywe kisima kimoja.
Mvumo unashuka
kama baba aliyekuwa akikoroma
amegeuzwa upande.

Si wote. Mabaki yapo, uzi wa sauti
unaotoka kwa gitaa lenyewe na taa ya bia ukutani.
"Geuka," namwambia Ogweno. "Polepole. Zaidi. Hapo."
Anatazama mbele yake.
"Fundi, hiki ni choo."
"Ndiyo."
"Nipige usiku kucha nikitazama choo?"
"Usiku kucha."

Anapiga benga fupi ya kujaribu,
vidole vikikimbia kama watoto walioachiwa darasa,
na chini ya noti hamna kitu, sakafu safi.
Kisha anaondoa mkono kujikuna shingo:
mmm, kidogo sana.
Anaurudisha kwenye nyuzi: kimya.
Anaondoa. Anarudisha. Anatabasamu, amepata mchezo.

"Kwani mkono wangu una nini?" aniuliza.

Naangalia maiki iliyo mbele ya mdomo wake.
Napanda jukwaani, naigusa kwanza mimi
kwa mgongo wa kidole,
mkono mwingine juu ya nyuzi zake.
Hakuna kitu. Baridi ya chuma tu.

Gathuita anauliza kama sasa anaweza kuwasha friji.