Fundi Bomba Anaulizwa Bweni Lipi Bora

Unaniuliza, Candiru, bweni lipi bora,
na fomu umeikunja mara nne ndani ya Biblia.
Mwingine angekutajia vikombe vya mpira,
nani alizomewa jukwaani, nani alichaguliwa.
Mimi miaka kumi na tisa nayaingia kwa nyuma,
penye mifereji,
spana kwapani, tochi mdomoni.
Bweni nalijua kama daktari amjuavyo mgonjwa:
kwa kile anachoficha.

Majina yake rasmi yamechongwa mlangoni.
Mimi nina yangu.

Lile la juu kabisa ya kilima naliita Kikohozi.
Saa kumi na moja alfajiri wavulana mia tatu
hufungua koki kwa pamoja,
na bomba hukohoa, hukohoa, likatema kutu,
kisha kimya.
Hapo utasikia matusi kwa lugha zote za Uganda
na mmoja, kila mwaka hakosi mmoja, anayecheka.
Wana majigambo hao. Ngoma yao hainyamazi mpaka Wandegeya ikeshe.
Ila bomba likipasuka usiku
hushuka wote na ndoo, hata wa sheria,
hata yule anayevaa tai kwenda msalani.

La wasichana, lenye ua wa michongoma, ni Nywele.
Kila sinki nimeivua humo: nywele za kuzaliwa nazo,
nywele za kununua, na siku moja pete ya uchumba.
Nilimpa mlezi wao, Bi Nakabugo, akaitangaza.
Wakaja kumi na mmoja,
kila mmoja akilia kuwa ni yake.
Maji yapo pale, siwezi kusema uongo.
Lakini lango hufungwa saa nne,
nami niliwahi kufungiwa ndani,
nikalala dobini kama pasi iliyosahauliwa.

Kaloli ni lile kuukuu, ndege wamejaa paani
wamesimama kama mawakili wasio na kesi.
Tangi lake halina mfuniko.
Usiniulize nilichookota humo mwaka ule.
Waliokunywa yale maji leo ni mahakimu.

Na lile jipya, la bondeni, vigae vyeupe, vioo?
Ukifungua koki unatoka upepo.
Nilibomoa ukuta nikatafuta bomba:
halikuwahi kuwekwa.
Mle kila mtu ana dumu lake
na kila dumu lina kufuli.
Hilo sikulipa jina.

Basi, ukinibana, nitasema Kikohozi,
ingawa ni la wavulana, ingawa linanuka soksi,
kwa sababu ya ule usiku wa ndoo.
Nywele, basi. Nenda Nywele. Bi Nakabugo ananijua,
atakupa chumba cha ghorofa ya pili,
dirisha linalotazama

Ndipo ukaikunjua fomu,
ukaniwekea kidole chako kwenye mstari wa mwisho.
Nilivaa miwani. Nikaivua nikaifuta. Nikaivaa.
*Atajitafutia malazi nje.*

Nje ni hapa, Kivulu,
chumba kimoja, kitanda kimoja,
mlango unaofungwa kwa kipande cha waya.
Mganga hajigangi:
fundi mimi, na koki sina,
nanunua maji kwa mama mwenye nyumba,
dumu kwa dumu, naye huniandika daftarini.

Nikasema kesho nitanunua pazia.
Nikasema mimi nitalala upande wa mlango.
Nikasema nimesoma vibaya, hebu lete tena.
Mvua ilikuwa imeanza.
Ukainama, ukaisogeza sufuria yangu kidogo kushoto
mpaka lile tone la bati likaanguka katikati,
ukaketi, ukasema,
"Baba mdogo, angalau hapa ghorofa ya juu maji yanafika."