Jiwe, Moja

Siku ya mgao, kule Mbokomu, waligombea
ng'ombe, seti ya sofa, na saa ya ukutani isiyotembea.
Mjomba Eliringia aliandika kwenye daftari la shule,
akalamba ncha ya kalamu, akauliza: "Na wewe?"
Nikasema: lile jiwe la kusagia.
Mtu akacheka kwa puani.
Likaandikwa: jiwe, moja. Na mwana wake.

Kijana wa bodaboda alilipima kwa macho.
"Dada, humu umefunga nini, kaburi?"
Akaongeza buku.
Tukateremka polepole hadi Kiboriloni,
springi zikilalama kwenye kila tuta,
gunia mapajani mwangu kama mtoto mwenye homa.

Sasa liko Pasua, jikoni, chini ya dirisha.
Rangi yake ni majivu yaliyonyeshewa.
Lina vitundu vidogo vidogo, pumzi za moto wa kale:
mlima ulilitema
kabla ukoo wetu haujawa na jina.

Katikati lina bonde.
Hakuna patasi iliyolichimba.
Ni ulezi tu, ulezi na viganja:
vya Bibi Ndeanasia, vya mama yake,
na vya yule ambaye hata daftari la mjomba halimjui.
Walilipunguza chembe kwa chembe
na kilichopungua hakikwenda mbali.
Tulikinywa kwenye uji.

Mwiko nao ulikuja, ingawa haukuandikwa.
Ni wa mringaringa, umelika mshazari,
maana Bibi alisonga kwa mkono wa kushoto.
Mimi natumia wa kulia.
Tunasumbuana.
Kila jioni, ugali ukianza kukaza,
unajipinda kiganjani, unataka kwenda kwake.

Jiwe silioshi kwa sabuni.
Hunywa harufu, likakurudishia kesho
ndani ya karanga.
Maji moto na brashi ya katani, basi.
Mwiko naupaka samli mara moja kwa mwezi,
nikikumbuka. Mara nyingi sikumbuki.

Mama Viane, jirani, ana blenda nyekundu.
Umeme ukikatika hubisha hodi
na vitunguu saumu vitatu kiganjani: "Naomba jiwe."
Siku hizi huja hata umeme ukiwepo.
Anasema ni ladha.
Mimi nadhani ni yale magoti chini,
mabega yakienda na kurudi,
na dakika tano ambazo hakuna anayeweza kukuuliza neno
kwa sababu jiwe linaunguruma.

Juzi nililiosha, nikalisahau uani.
Mvua ikanyesha usiku kucha.
Asubuhi nikatoka na bakuli la karanga,
nikamkuta shomoro anaoga bondeni,
anajipiga mabawa, anarusha maji kila upande,
hana habari na mgao wala daftari.

Nikasimama mlangoni,
nikasubiri amalize.