Hadi Taarifa Nyingine

Suti yangu ilibaki Wandegeya kwa fundi Ochaya,
nyeusi, kola imepigwa pasi, salio elfu arobaini.
Alinipigia Jumanne: "Wakili, nguo iko tayari."
Nikamwambia niko Kassanda, na Kassanda imefungwa.
Nilikuja kwa siku mbili tu, kumletea bibi dawa ya presha.
Siku ya tatu askari waliweka gogo barabarani.

Mtihani wa uwakili ulikuwa wiki mbili mbele.
Kisha tangazo, mistari minne:
umeahirishwa
hadi taarifa nyingine.

Mwaka mzima nimefundishwa kitenzi hicho.
Kesi huahirishwa shahidi asipofika,
faili likipotea, hakimu akifiwa.
Hakuna aliyenifundisha
namna ya kuahirisha kodi ya chumba cha Kikoni,
wala deni la baba kwenye chama cha akiba,
shamba la kahawa limewekwa dhamana,
na yeye amewaapia: mwezi wa kumi na mbili
binti yangu atavaa joho.

Atukwatse, aliyebaki Kampala, alinitumia noti kwa simu,
kurasa zimepigwa picha na mkono unaotetemeka.
Bando likaisha katikati ya sheria ya ushahidi.
Nilisoma nimekaa juu ya magunia, midomo ikicheza,
bibi akidhani ninasali.

Kisha akafa Ssalongo Bukulu, jirani.
Walikuja wenye mavazi meupe, miwani, buti za mpira,
na mfuko wenye zipu.
Wanawe walisimama mlangoni,
mkubwa ameshika panga, mdogo ameshika lubugo,
lile gome lililopondwa hadi likawa laini,
jekundu kama udongo wetu,
lililokunjwa miaka mingi likiusubiri mwili wake.

Mtu akasema: "Mwiteni mjukuu wa Nabbosa. Amesoma sheria."

Nilikwenda, barakoa ya kitenge, kandambili.
Nikasimama mita mbili
kutoka kwa watu walionibeba mgongoni nikiwa mchanga.
"Wakili, waambie. Baba ni wetu au si wetu?"

Nilitaka kusema: bado sijawa wakili,
nina namba ya mtihani tu, na mtihani hauna tarehe.
Lakini sheria niliijua, kifungu kwa kifungu;
nilikuwa nimeipaka wino wa njano.
Nikaisema kwa Kiganda, na kwa Kiganda
ilikuwa fupi mno, na katili.
Nikaongeza lisiloandikwa popote:
lubugo liwekwe juu ya mfuko, kabla ya udongo.
Mwenye miwani akafikiri. Akakubali kwa kichwa.
Yule mkubwa akaweka panga chini.
Hajanisalimu hadi leo.

Taarifa nyingine ilikuja mwezi wa tatu.
Suti ilinipwaya kiunoni. Ochaya hakudai salio.
Getini walitupima joto kwenye paji la uso,
na mimi, niliyeizoea ile bastola ndogo,
nikafumba macho kabla sijaambiwa.
Ukumbini madawati yalitengana,
na lililokuwa mbele yangu halikuwa na mtu;
karatasi imelala kifudifudi, namba imebandikwa,
na sisi sote tukaangalia pengine.

Swali la nne: familia inakataa kukabidhi maiti
wakati wa mlipuko. Mshauri mteja wako.
Alama ishirini.

Niliandika: Ssalongo Bukulu. Nikakata.
Nikaandika kifungu, na kijifungu chake.
Mteja ni nani hapa? Swali halikusema.
Mwenye panga? Mwenye miwani?
Aliyemo ndani ya mfuko?
Msimamizi akatangaza dakika kumi.
Nikatafuta mahali pa kuliweka lile gome
na mistari yote ilikuwa imejaa sheria.

Pambizoni pamechapwa onyo:
usiandike hapa.

Nikaandika hapo.