Treni Yenye Mafua

Altoona, Februari. Theluji imeziba kidirisha cha ghorofa ya chini
na mimi, Feliks mwana wa Kazimierz Dudek, mzee wa miaka sabini na tisa,
nimepiga magoti mbele ya treni ya kuchezea
kama daktari aliyeitwa usiku wa manane.

Kwenda, inakwenda.
Inazunguka meza, inavuka daraja la bati,
taa yake inamulika miguu ya viti.
Ila nikivuta kile kishikio chekundu cha transfoma
haipigi firimbi.
Inasema hhh.
Hhh, kama mtu aliyetaka kutaja jina
likampotea mdomoni.

Nikaanza na umeme, maana katika kila nyumba
mshukiwa wa kwanza ni umeme.
Nikapima waya: mzima.
Nikasugua reli kwa spiriti mpaka kitambaa kikaacha kutoka cheusi.
Nikalipindua behewa la makaa tumbo juu,
parafujo nne, moja imeshika kutu;
nikaibembeleza kwa tone la oili, ikakubali kesho yake.
Ndani, rilei na kiulimi chake cha shaba.
Nikakibonyeza kwa njiti ya kiberiti: tak. Kinashika.
Grisi ya mwaka wa hamsini na moja
imekauka, ngumu kama nta ya sikio. Nikaikwangua.
Nikabadili brashi za kaboni, jozi ya mwisho dukani kwa Ostrander,
dola sita, naye akanong'ona akinirudishia chenji:
"Isipopona kwa hizo, Feliks, si umeme tena. Ni pepo."

Feni ikavuma, safi, nyuki ndani ya gilasi.
Na firimbi: hhh.

Siku nne namsaka mchawi uani
naye kalala chumbani.
Nilipokifungua kisanduku chenyewe cha sauti,
kile nilichokiruka kwa kuwa hakina waya,
hakina cha kuchakaa, ni hewa tu na kuta mbili,
nikakuta pamba.

Si vumbi. Si kiota cha nyigu.
Pamba iliyosokotwa, ikashindiliwa kwa pini ya nywele
hadi pembe ya mwisho,
ikazungushiwa uzi wa buluu mara tatu
kwa mkono unaojua kufunga.

Uzi ule naujua.
Ndio ulioandika jina la baba
kwenye bwelasuti yake ya karakana ya reli.

Baba alishika zamu ya usiku. Alirudi alfajiri
ananuka moshi na chuma, akala mayai, akalala,
na sisi tukatembea kwa soksi.
Krismasi ile ni yeye aliyeinunua treni.
Januari ikawa bubu.
"Imepata mafua," mama alisema, macho kwenye viazi anavyomenya,
nami, mtoto wa miaka sita, nikaifunika skafu.

Nimempigia simu dada yangu Wanda, kule Erie.
Amecheka mpaka akakohoa. "Kumbe hukujua?
Hata kengele ya mlango aliivisha soksi!"
Miaka sabini na ushei siri imekaa kwa Wanda
kama sarafu ndani ya pindo la koti.

Pamba nimeichomoa kwa kibano. Imo kwenye kisosi,
kijivu, nyepesi kuliko nilivyotaka iwe.
Behewa nimelifunga kwa parafujo tatu;
ya nne imebingirikia chini ya boila, na ikae huko.
Mkono uko kwenye kishikio chekundu.

Lakini juu ya dari hii amelala Colleen, mke wa mwanangu,
nesi, karudi kutoka hospitali saa mbili asubuhi,
viatu vyake vyeupe viko mlangoni, kimoja kimelala ubavu.
Sasa ni saa tano.
Huamka saa tisa.

Nimevua viatu vyangu pia.
Nangoja.