Fomu Haina Kilima

Asubuhi nzima nimechungulia vinywa.
Tochi kichwani, kioo kidogo mkononi,
dawati limesogezwa dirishani kupata mwanga,
na Maduhu, mwalimu wa zamu, anaita majina
kama anayegawa barua.

Fomu ina safu tatu:
yaliyooza, yaliyozibwa, yaliyong'olewa.
Safu ya kwanza imejaa hadi pembeni.
Ya tatu nayo haijambo.
Ya katikati ni sifuri, sifuri, sifuri,
mpaka kalamu imejifunza kuchora duara
bila mimi kuitazama.

Kisha akaja Nyanzobe, miaka tisa,
akafungua mdomo kabla sijamwambia.
Gego la chini, la kushoto,
lile linaloota mtoto akiwa na miaka sita
na wazazi hudhani ni la utoto, litang'oka lenyewe,
limebaki kuta, kama nyumba iliyoezuliwa na upepo.
"Unapiga mswaki?"
"Napiga."
"Mara ngapi?"
"Maji yakiwepo, mara mbili."

Fomu ilitaka namba. Niliandika mbili.
Yale maji nikayaacha nje ya kisanduku.

Jioni nikamfuata kwao. Sikutumwa.
Mabatini mtu hupanda kwa magoti:
ngazi za saruji, ngazi za matairi, kisha mawe yenyewe,
yale makubwa yaliyokaa juu ya mengine
kama yamesahau kuanguka.
Nilihesabu, maana ndiyo kazi yangu.
Toka lango la shule hadi mlangoni kwao
meza kumi na moja.
Ubuyu mwekundu unaopaka vidole,
pipi za kijiti, biskuti za shilingi hamsini,
muwa uliomenywa na kukatwa vipande ndani ya beseni,
juisi ya unga inayogeuza ulimi kuwa wa kijani.
Bomba moja, lina kufuli.
Mswaki niliukuta meza ya tisa,
umetundikwa juu, karibu na sumu ya panya,
vumbi limelala kwenye karatasi yake,
bei yake ubuyu wa siku kumi.

Na kule juu ziwa linaonekana lote,
maji mengi yasiyo na haya,
yanang'aa pale chini kama shamba la jirani mchoyo.
Dumu moja kulipandisha, shilingi mia tano;
kijana aliyelibeba hupumua kwanza
ndipo ataje bei.

Meza ya kumi na moja ilikuwa ya mama yake.
Kwandu, vidole vimekufa ganzi,
anauza barafu za kwenye vifuko,
za ukwaju, na nyingine za rangi tu.
Nilikuwa nimebeba hotuba yangu toka bondeni,
sukari, vijidudu, tindikali,
ikawa imepungua kwa kila ngazi.
"Hizi ndizo zinanunua dumu," alisema
kabla sijauliza. Kama mtoto, kama mama.
"Na dumu ndilo linatengeneza hizi."

Wiki iliyopita nilikuwa Isamilo, shule yenye nyasi.
Watoto wale nao wanakula pipi, msidanganyike.
Mmoja alinitolea chokoleti mfukoni kama kitambulisho.
Lakini safu ya katikati kule ina namba:
baba ana gari,
na gari linajua njia ya kwa daktari.

Nikakaa juu ya jiwe, koo limekauka.
Nikanunua barafu ya ukwaju, shilingi mia,
nikaing'ata kwa upande wa kulia.
Baridi ikagonga mshipa mpaka jicho likatoa chozi.
Nyanzobe akacheka,
akafunika mdomo kwa kiganja.
Kumbe ameshajua kuficha.

Usiku nimeirudia fomu yake.
Chini kabisa pana mstari: Maoni.
Mwaka wa sita huu naandika pale
"apewe elimu ya usafi wa kinywa."
Leo nimeandika: ngazi mia mbili na kumi na nne.
Meza kumi na moja. Bomba moja, kufuli.
Msimamizi atairudisha,
atasema haya si maoni, ni ramani.
Airudishe.